Kiti cha Kumpandisha Mama Redio

Gari jeupe la Shirika liliposimama mbele ya nyumba ya Fundi Baiskeli, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kabla injini haijazimwa. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliziacha kwenye beseni. Kinyozi wa ng'ambo alimwacha mteja wake na povu nusu ya kidevu, akaja kusimama mlangoni na wembe mkononi. Gari lile lilikuwa na kawaida ya kupita tu kuelekea kinamasini, likiwagawia watu vumbi. Kusimama, halikuwahi.

Akashuka Mkurugenzi mwenyewe, mwanamke kijana mwenye miwani, mgeni bado kazini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeleta posa.

"Pita mwanangu, pita, wala usijisumbue na viatu," akasema Bibi, mama mzazi wa Fundi. Sikio moja la Bibi lilishakufa siku nyingi, lakini hilo lililobaki lilifanya kazi ya manne. "Tulikuwa tunakusema sasa hivi."

Hawakuwa wakimsema yeye. Walikuwa wakimsema jirani mwenye nguo, ambaye naye alikuwa keshaingia kwa mlango wa uani, kaketi ukingoni mwa kitanda, anasikiliza. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili tu, na haijapata kuwa na watu wachache kuliko viti.

Aliyefuatwa alikuwa mke wa Fundi. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Kila mtu, hata mumewe, alimwita Mama Redio. Homa moja ya utotoni ilimwachia miguu isiyobeba kitu, miguu ya kukunjwa na kukunjuliwa kwa mikono kama nguo. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo Fundi aliiunda kabla hata hawajaoana. Watu husema ndiyo iliyokuwa mahari yenyewe.

Kazi yake ilikuwa sauti. Shirika lilihifadhi kinamasi kile kikubwa, maji na mafunjo mpaka macho yanachoka, na walinzi wake walitawanyika humo kutwa, kila mmoja na redio ya upepo kiunoni. Asubuhi Mama Redio aliwaita mmoja mmoja kutoka chumba kidogo cha getini, na hakunyamaza mpaka kila mmoja ameitikia. Jioni akawaita tena, mpaka kila mmoja amerudi. Kulikuwa na kanuni moja tu: ukiitwa, unaitika. Mlinzi mrefu waliyemwita Twiga aliwahi kuumwa na nyoka katikati ya mafunjo, akalala humo na maji yakimfika kifuani, na sauti ya Mama Redio ikazungumza naye mpaka wenzake walipomfikia. Walizungumza nini, hajasema mpaka leo. Husema tu kwamba sauti ile ilimshika mkono. Na ukimwona Twiga anavyolisema hilo, mwanamume mzima mwenye ndevu, unaacha kucheka hata kama ulikuwa umeshaanza.

"Mama Redio," Mkurugenzi alisema, "safari hii hatumwachi mtu nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Chini, yaani. Wote tutakuwa juu."

Kila mtu mtaani alijua habari ya juu.

Katikati ya kinamasi ulisimama mnara wa mbao, wenye ngazi nyembamba na kali inayozunguka nguzo mpaka kwenye jukwaa. Aliyeujenga ni mwanzilishi wa Shirika, ambaye walimwita Mzee Mnara. Zamani, moto ulipozingira matete pande zote, yeye na wenzake walipanda pale, wakauona moto unakoelekea, wakakiokoa kinamasi. Tangu hapo mikutano yote ilifanyika juu, na kanuni yake ilikuwa fupi: anayetaka kusema, apande. Aliyeko juu anapiga kura, na anaweza kupigiwa. Aliyeko chini ataambiwa wakishashuka.

Na safari hii palikuwa na jambo la kupigia kura. Msimamizi wa Doria alikuwa amestaafu. Shirika likaamua kwamba Msimamizi mpya ashike doria na redio kwa pamoja, kazi mbili kwa mtu mmoja. Waliojitokeza ni wawili, Twiga na Mama Redio. Twiga akikosa, atabaki mlinzi kama alivyo. Mama Redio akikosa, chumba cha getini kinafungwa, na yeye anarudi nyumbani kukaa na Bibi. Karakana ya Fundi ilikuwa imepungua nguvu tangu pikipiki zijae barabarani, na binti yao alikuwa bado na safari ndefu shuleni. Hayo yote Mkurugenzi aliyajua, ndiyo maana alikuwa amefurahi vile.

"Tutatengeneza kiti," akasema. "Kiti maalumu, chenye miti ya kubebea. Walinzi wanne wenye nguvu watakubeba mpaka juu. Kitapakwa rangi za Shirika. Wafadhili watakuwepo, mpiga picha atakuwepo. Itakuwa siku yetu ya kwanza ya ujumuishi." Neno hilo alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha glasi mezani. "Na fundi wa kiti tunaye hapa hapa."

Akamgeukia Fundi. Fundi akaiangalia mikono yake yenye grisi, kisha akamwangalia mkewe, kisha akasema, "Vipimo vyake ninavyo."

"Kama bibi harusi," Bibi akasema, akipiga makofi polepole. "Mkwe wangu atabebwa kama bibi harusi."

Mama Redio alisema ahsante. Alisema kwa sauti nzuri, ile ile ya redioni. Lakini gari lilipoondoka na vumbi lake, aliugeukia ukuta, akawa anahesabu nyufa zake, na hakuna aliyemwuliza kitu kwa sababu wote walikuwa wanazungumza kwa pamoja.

*

Kiti kilikuwa kizuri, lazima isemwe. Fundi alikichomelea kwa mabomba ya baiskeli za zamani, akakitandika turubai na sponji, akakipa mgongo uliolala kidogo, kwa sababu alijua mkewe akikaa wima sana kiuno kinamwuma. Miti miwili ya kubebea hakuichomelea. Aliifunga kwa nati, kwa mazoea ya mtu wa baiskeli ambaye anajua kila kitu siku moja kitafunguliwa. Akakipaka kijani na nyeupe. Watu wakaja kukiangalia. Kinyozi akakisifia, kisha akaomba atengenezewe kama hicho dukani kwake, kwa mkopo, akanyimwa.

"Unakionaje?" Fundi akamwuliza mkewe jioni hiyo uani, akifuta rangi vidoleni.

"Kizuri."

"Lakini?"

"Lakini baiskeli uliyonipa, naendesha mwenyewe."

Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama watoto, sikiliza. Ni siku moja. Unapanda, wanakupigia kura, unashuka. Halafu kazi ni yako, na redio ni yako. Mtu unakwenda kupoteza mkate kwa sababu ya ngazi?"

"Na mkutano wa mwezi unaofuata?"

"Watakubeba tena."

"Na nikiwa huko juu nikabanwa na haja?"

Fundi akarudia kufuta vidole vilivyokwisha takata.

"Si nauliza? Nikibanwa, naambia nani? Namwambia Twiga mbele ya wafadhili, Twiga nishushe nikojoe? Na wakisema jambo la kuniudhi nikataka kuondoka? Wewe ukiudhika unasimama, unakung'uta suruali, unaondoka. Mimi nitakaa pale pale nikitabasamu mpaka wanaume wanne wakumbuke kwamba nipo."

"Unaongea kama vile nimekutengenezea jeneza."

"Jeneza angalau mtu haombi kushushwa."

Binti yao, aliyekuwa akifua sare yake, akacheka, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha.

Hapo ndipo Twiga alipoinama kuingia uani, na walinzi watatu nyuma yake. Walikuwa wametumwa kukijaribu kiti. Twiga alikizunguka, akakitikisa, akapiga mluzi.

"Kwa hiyo, Mama Redio, mimi ndiye nikubebe mpaka juu, ukifika uninyang'anye kazi?"

"Kwani ukichoka katikati utanitupa?"

"Nitakuacha kwenye kona, nikapige kura kwanza, nirudi."

Wakacheka wote, na yeye pia. Wale wawili walipendana, na kila mmoja aliitaka ile kazi, na hawakufichana.

"Sasa tumjaribie nani?" mlinzi mmoja akauliza, maana Mama Redio hakuwa amekisogelea kiti.

"Mimi," akasema Bibi.

Alikwishaketi kabla hawajajibu, khanga kaikunja vizuri, mkoba mapajani, kidevu juu. Wakamnyanyua. Uani pakawa na shangwe. Watoto wa jirani wakapanga mstari nyuma, mmoja akipiga sufuria kwa kijiko. Wakamtoa nje, wakampitisha mbele ya kinyozi, na Bibi akapunga mkono kwa watu kama mtu aliyezoea. Walifika mwisho wa mtaa, wakageuza.

"Basi, nishusheni," Bibi akasema.

Shangwe zilikuwa nyingi. Hawakusikia.

"Jamani, inatosha. Nishusheni."

"Bibi anataka mzunguko mwingine," akapaza sauti yule wa mbele, na watu wakashangilia, wakamzungusha tena. Bibi alikamata mabomba kwa mikono yote miwili. Mkoba ukaanguka. Mtu akauokota akamwekea mapajani bila kumtazama, kama anayeweka mzigo juu ya rafu. Alisema tena nishusheni, safari hii polepole, na midomo yake ikaendelea kucheza hata baada ya sauti kuisha. Wote walikuwa wakimwangalia. Hakuna aliyemsikiliza.

Walipomweka chini uani alikaa kimya. Wale wanaomjua Bibi waliogopa, kwa maana hawakumbuki kumwona hivyo tangu mumewe azikwe. Akainyoosha khanga yake. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa akamwita mkwewe, ambaye alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye baiskeli yake.

"Mwanangu. Usikae kwenye kile kitu."

"Sawa, mama."

"Hata wakikulilia."

Fundi alisimama, akaenda nyuma ya karakana, na kwa muda ilisikika spana tu ikigonga kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Nikivunje?" akauliza.

"Uliagizwa, umemaliza. Kipeleke," mkewe akasema. "Kiti hakina kosa. Mimi ndiye sitapanda."

*

Siku yenyewe walikwenda wote, kwa sababu nyumba ile haikujua kwenda nusu. Mama Redio alitangulia kwa mikono yake juu ya tuta la udongo lililopita katikati ya maji. Bibi na binti walimfuata kwa miguu, jirani akawafuata kwa kuwa hakuwa na sababu ya kubaki, na Fundi akaja nyuma na kiti kichwani.

Kinamasi alasiri kina ukimya wa kukufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Mafunjo yalisimama pande zote marefu kuliko mtu, na katikati yake maji yalitulia, meusi na yenye mwanga kwa pamoja. Binti alikuwa hajawahi kufika. Aliacha kuongea, na kwa binti yule, hiyo ilikuwa habari.

Chini ya mnara wafadhili walishapewa kofia. Mpiga picha alikuwa akitafuta pembe. Mkurugenzi akakimbilia baiskeli ya Mama Redio kwa mikono iliyonyooshwa.

"Tayari?"

"Dada, sitabebwa."

Mkurugenzi akatabasamu kwanza, halafu tabasamu likabaki usoni peke yake, lenyewe halijui liende wapi. "Lakini tumejitahidi sana. Kwa ajili yako. Ujumuishi ni wewe kuwa pale."

"Mtu asiyeweza kuondoka mkutanoni hayupo mkutanoni. Amewekwa."

"Sasa tufanyeje? Mzee ameshapanda. Karibu wote wako juu."

Mama Redio akatazama juu. Jukwaa lilijaa miguu na viuno vya walinzi, na katikati yao, ukingoni, kichwa cheupe cha Mzee Mnara.

"Kuna tatizo gani huko?" sauti yake ikashuka.

"Anasema hatabebwa, Mzee," Mkurugenzi akajibu.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameupa mnara ule ujana wake, na jambo lolote zuri lililowahi kumtokea lilimtokea juu yake. "Mwambie kanuni haijabadilika," akasema. "Anayetaka kusema, apande."

Mkurugenzi akasimama hapo, mguu mmoja kwenye ngazi. Akamwangalia Mama Redio, akawaangalia wafadhili waliokuwa wakipanda, na Twiga na wabebaji wenzake nyuma yao. Kisha naye akapanda. Mbao zikalia chini ya viatu vyake mpaka juu kabisa, na mkutano ukafunguliwa.

Waliobaki chini wakabaki kama wanavyobaki siku zote. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuwatazama pamoja, hata wao wenyewe. Mpishi alikuwa amekaa kwenye ndoo. Dereva aliegemea gari akijifanya analilinda. Wanawake wa kitalu cha miche walikuwa kivulini, udongo bado kwenye vidole. Karani alikuwa na mimba kubwa, ameshika kiuno. Bustani, stoo, mashua, geti, kila mahali palikuwa pametoa mtu wake, na kila mmoja alikuwa amekaa peke yake, anasubiri wengine washuke wamwambie.

Mama Redio akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoa redio kwenye kikapu cha baiskeli, kwa mkono uleule wa kila asubuhi, akabonyeza.

"Wote mlioko juu, wote mlioko juu. Hapa chini. Mnanipata?"

Sauti yake ikatoka juu ya mnara. Ilitoka kwenye kiuno cha kila mlinzi kwa wakati mmoja, ikajaa jukwaa, ikamwagika mpaka kwenye maji. Mkurugenzi alikuwa katikati ya neno. Alikatishwa nalo mdomoni.

Redio ikakwaruza, na Twiga, kwa sababu ukiitwa unaitika, akasema, "Nakupata, Mama Redio."

"Nakupata," akasema wa pili. "Nakupata." "Nakupata." Ikazunguka jukwaa zima hivyo, walinzi wote, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Ahsanteni. Nimeambiwa anayetaka kusema apande. Sauti yangu imeshapanda, mwenyewe nimebaki. Naomba kazi ya Msimamizi wa Doria. Naiomba nikiwa hapa nilipo, na nikiipata nitaifanya nikiwa hapa nilipo. Na sijabaki peke yangu. Ngojeni niwape muwasikie."

Akampa redio mpishi. Mpishi akaanza kusema.

"Bonyeza kwanza," Mama Redio akamwambia.

"Ah. Haya. Mimi mpishi. Nimewapikia nyinyi tangu mbao za mnara huu zikiwa mbichi. Huko juu sijafika, magoti hayataki. Mkija kula huwa mmeshaamua. Basi."

Akampa dereva. Dereva akaiangalia redio kama mtu aliyekabidhiwa kuku wa watu. "Mimi dereva. Mimi, kusema kweli, naogopa urefu. Nilikuwa nawaambia nalinda gari." Kicheko kikapasuka juu, kikashuka kupitia redio, na dereva naye akacheka, uso ukamlegea kama mtu aliyevua kiatu kilichobana.

"Mimi wa kitalu. Siwezi kupanda ngazi hii na sketi na wanaume wako nyuma yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mimi karani. Mnajua nilivyo."

"Mimi wa mashua. Sina la kusema, nilitaka tu mjue nipo."

Ikaendelea mkono kwa mkono. Kulikuwa na wengine ambao sauti zao hazijawahi kusikika juu ya mnara tangu ujengwe. Walisema kidogo sana. Mmoja alitaja kazi yake tu, akarudisha redio kama imemchoma. Na kadiri ilivyokwenda, jukwaa lilizidi kunyamaza, mpaka pakawa na ule ukimya unaosikika, upepo kwenye mafunjo na hatua za ndege ndani ya maji.

Mwishoni Bibi akaikamata, bila kuombwa. "Mimi si mfanyakazi. Mimi mama mkwe. Huku chini kuna kivuli, nyinyi mnaungua bure."

Redio ikakwaruza, na sauti iliyotoka haikuwa ya mlinzi. Mzee Mnara alikuwa amechukua redio ya Twiga.

"Mko wangapi huko?"

Mama Redio akawaangalia. Walikuwa wamesogeleana bila kujua, ndoo karibu na ndoo, na aliwaona kwa mara ya kwanza kama kundi moja.

"Wengi, Mzee."

"Wangapi?"

"Shuka uone."

Walimwona Mkurugenzi akimshika Mzee mkono, na Mzee akimwondoa. Alishuka mwenyewe, kinyumenyume, akitafuta kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Ilichukua muda mrefu. Kumbe magoti yake nayo yalikwisha siku nyingi. Kumbe ndiyo maana siku hizi alikuwa akipanda kabla ya watu wote na kushuka baada ya wote, asionekane. Alipogusa ardhi, miguu ilimtetemeka kama ya ndama, akashika nguzo.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti. Spana yake ilizunguka, nati zikatoka, miti miwili ya kubebea ikaanguka kwenye majani. Kilichobaki kilikuwa kiti tu, cha kijani na nyeupe, chenye mgongo uliolala kidogo. Akakisogeza nyuma ya Mzee.

"Cha nani hiki?"

"Kilikuwa cha mke wangu. Hakukihitaji."

Mzee akakaa. Akapumua. Akainua macho, akawaona watu wake wote waliokuwa chini, na akawaangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, jinsi binti alivyokuwa amekiangalia kinamasi.

Nyuma yake mnara ulikuwa ukilia mbao zote. Walikuwa wakishuka, walinzi, wafadhili, Mkurugenzi na viatu vyake mkononi, na mpiga picha ambaye alikuwa amesahau kupiga picha.

*

Kura ilipigwa hapo hapo kwenye tuta. Mkurugenzi ndiye aliyeiita, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida. "Wanaomtaka Mama Redio."

Mikono ikaanza kwenda juu, ya wa chini na ya wa juu, na alikuwa hajaanza kuihesabu jua lilipogusa mafunjo, na korongo wakaruka.

Huruka kila jioni saa hiyo, kwenda kulala ng'ambo. Wote kwa pamoja, na wako wengi kiasi kwamba kwanza unasikia upepo wao kifuani ndipo uone kitu. Wafanyakazi wa juu walikuwa wamewatazama hivyo miaka nenda miaka rudi, wakipita chini ya jukwaa, mgongo baada ya mgongo, weupe wenye ncha nyeusi. Safari hii walipita juu ya vichwa vyao, chini chini, na jua likiwapiga kutoka upande. Na chini ya mabawa, mahali ambapo kutoka juu hapaonekani, walikuwa na rangi ya waridi. Kila bawa. Anga zima likawa la waridi na likawa linatembea, na rangi ile ikaanguka juu ya maji na juu ya nyuso, ya mfadhili na ya mpishi, bila kuchagua.

Mikono yote ilikuwa juu. Iliyokuwa ya kura na isiyokuwa ya kura, yote ilikuwa imenyooshwa, inaonyesha. Hata Twiga. Bibi alikuwa ameinua yote miwili.

"Tangu lini wana rangi hii?" Mzee akauliza, kwa sauti ya mtoto.

"Tangu zamani, Mzee," mpishi akasema. "Si hawa hawa wa kila siku?"

"Miaka yote hii," Mzee akasema, akiwa bado anatazama juu, mikono imelala juu ya mabomba ya kiti, "miaka yote hii nilikuwa nawaangalia migongo."

Ndege wa mwisho walipokwisha kupita, watu wakajikuta wameshikana mabega na wasiowajua. Ilibidi kura irudiwe.

Twiga alijipigia mwenyewe, mkono wake mrefu ukaonekana kuliko yote, na baadhi ya walinzi wakamfuata. Mama Redio alipata wengine waliobaki, wa juu wengi, na wa chini karibu wote. Karibu, kwa sababu dereva alimchagua Twiga, na akasema wazi kwamba ni kwa kuwa Twiga humsaidia kusukuma gari. Hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa kura yake ya kwanza, na aliitumia alivyotaka.

"Kesho nitaripoti kwako, bosi," Twiga akamwambia, akimwinamia.

"Usichelewe."

Fundi alirudi nyumbani na miti miwili begani. Kiti kilibaki.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Mama Redio alifungua chumba cha getini, akafuta kipaza sauti kwa ncha ya khanga, akabonyeza.

"Jiko, jiko. Unanipata?"

Akasikika mtu anaangusha kifuniko cha sufuria, anatafuta kitufe cha redio aliyokabidhiwa jana.

"Nakupata," mpishi akasema. "Maji yanachemka."

"Kitalu, kitalu."

"Nakupata, Mama Redio. Tumeanza kumwagilia."

Akaita stoo. Akaita mashua. Akaita gari, na dereva akaitika kwa madaha kama mtangazaji. Akawaita walinzi mmoja mmoja, Twiga kwanza, na kila mmoja akaitika kutoka ndani ya ukungu, karibu na mbali, mpaka kinamasi kizima kikawa kinazungumza na hakuna mtu anayeonekana. Binti, aliyempitia mama yake akienda shule, alisimama mlangoni na mkoba begani, akasahau kwamba amechelewa.

Likabaki jina moja. Mama Redio akalivutia pumzi.

"Mnara, mnara. Unanipata?"

Redio ikakwaruza. Ukasikika upepo, na ndege, na uzito wa mtu anajiweka sawa kwenye turubai.

"Nakupata," Mzee akasema. "Niko chini."